Tulivyomaliza Matanga ya Baba Namahoro Akiwa Hai

Enzi zetu hapa Baraka, mji wa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, sisi tuliokulia kwa Mama Asende, neno "yatima" lilikuwa na faini ya kuku mmoja. Uwe mchungaji, uwe muuza samaki, ukilitamka juu ya mtoto wa nyumba ile, unaleta kuku. Nakumbuka tulikula watatu kabla mtaa haujashika adabu, na wa tatu alikuwa jogoo mzee aliyechemka tangu asubuhi mpaka tukasahau kwamba jikoni kuna nyama. Wa rika langu mtanielewa. Vijana wa leo ndio nataka wakae chini wanisikilize, maana wamenichosha.

Wamenichosha na simu zao. Binti yangu wa kwanza ana miaka kumi na sita, na kila akitoka shule anajilaza kwenye mkeka kutazama michezo ya kuigiza, na katika kila mchezo lazima awepo yatima. Yatima huyo ana gauni moja tu. Anafagia uwanja peke yake, mama wa kambo mwenye kucha ndefu anamfokea, halafu anaenda kisimani kuimba huku analia. Mwishoni inakuja gari nyeupe na ndani yake yuko mjomba tajiri. Juzi binti yangu akanigeukia macho yamevimba, akaniuliza, "Mama, na we uliteswaka hivi?"

Nikamjibu, "Niliteswaka na foleni ya choo." Tulikuwa watoto kumi na mmoja na choo kimoja. Hayo ndiyo mateso ninayoyakumbuka.

Usidhani enzi zetu sinema hizo hazikuwepo. Karibu na soko palikuwa na nyumba ya udongo yenye televisheni na jenereta, tuliita sali ya video. Mwenye sali, siku ya filamu ya yatima, alituita sisi wa Mama Asende tuingie bure na kutuweka mstari wa mbele. Hesabu yake ilikuwa kwamba tukianza kulia, bamama wote nyuma watalia, na filamu itapata sifa mjini. Lakini sisi tulicheka. Tulicheka kwa sababu yule mtoto alifagia uwanja vibaya, akiacha takataka nyuma yake, na kwetu angerudishwa kuanza upya. Tulicheka kwa sababu aliosha sufuria na kumwaga ukoko wa bugali, wakati sisi tulipigana ngumi kwa ajili ya sufuria hiyo, kwa kuwa anayeiosha ndiye anayekula ukoko. Siku hiyo mwenye sali alitutoa nje wote kumi na mmoja, na hakutuita tena.

Mama Asende alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kwaya. Mtoto wake mmoja, Asende, alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Lulimba na kurudi kwake kulikuwa kwa nadra. Vita ilipotuvusha ziwa kwenda upande wa Tanzania, Mama alivuka akiwa na mtoto mmoja wa dada yake. Alipovuka kurudi alikuwa na watoto wanane wasio wake. Wengine waliongezeka hapa hapa. Mimi baba yangu alibaki ziwani siku ya kukimbia, mama yangu alikufa kwa kipindupindu kambini. Nayasema haya mara moja na sitayarudia, kwa sababu Mama Asende mwenyewe alikuwa na kauli moja: "Unieleze mara moja, nilie na we mara moja, kisha ukatwange sombe."

Na tulitwanga. Harufu ya utoto wangu ni sombe, majani mabichi ya muhogo kwenye kinu, mawese yanayoanza kuunguza sufuria, na ndagala walioanikwa ufukweni mpaka nywele zetu zote zinanuka. Saa kumi, kazi zikiisha, wasichana tulicheza nzango mbele ya nyumba, makofi na miguu, vumbi mpaka magotini. Bingwa alikuwa Namahoro.

Namahoro alikuwa wa rika langu, miaka kumi hivi, mtoto wa milimani upande wa Minembwe, nyumba za wafuga ng'ombe wanaosema Kinyarwanda. Mama yake hakuwepo tena, naye alishuka Baraka na shangazi yake aliyekuja hospitali. Shangazi akafa, barabara ikafungwa na vita, na waliotoka juu wakaleta habari kwamba wanaume wa kijiji chake hakubaki hata mmoja. Mama Asende alimkuta ameketi kwenye baraza ya hospitali na shuka la marehemu mapajani. Akamshika mkono akamleta, akamlaza kwenye mkeka wangu. Mwanzoni hatukuwa na lugha moja. Alikuwa akinifinya nikikoroma, nami nikamfinya akikoroma, na ndivyo tulivyoanza kuelewana. Mwaka haujaisha alikuwa anatukana kwa Kibembe, lugha yetu, vizuri kunishinda.

Halafu akaja bwana wa karatasi. Alitoka Uvira, kijana mwenye miwani na shati la kupigwa pasi, na hakuwa mtu mbaya. Alituandika majina akatuambia kwamba nyumba mpya ya yatima imejengwa, yenye vitanda vya chuma, vyandarua, na chai na mkate kila asubuhi. Siwadanganyi, tulitaka vile vitanda. Usiku ule hatukuzungumza kitu kingine. Lakini kesho yake alimweleza Mama utaratibu: wadogo nyumba moja, wakubwa nyumba nyingine, na yule wa milimani atapelekwa mbali, kwa wenzake. Gari litakuja Jumamosi. Mama akamwambia hawa ni ndugu, hawatenganishwi.

Yule bwana akamjibu kwa upole, "Mama, hawa hawana bantu wa kwao. Ndiyo maana wako mu liste."

Mama Asende hakubishana. Aliingia ndani, akafunga kitambaa kipya kichwani, akaenda kwa Mzee Wilondja.

Mzee Wilondja alishona nyavu nyumba ya nne kutoka kwetu, na mtaani ndiye aliyesimamia misiba. Hapa niwaeleze desturi ya nyumbani kwetu, maana watoto wa leo wanadhani matanga ni wali na spika kubwa. Matanga yana mwisho wake. Siku ya kuyamaliza, mikeka inakunjwa, moto unazimwa, wafiwa wananyolewa nywele na kuteremka ziwani kuoga. Kisha watoto wa marehemu wanasimamishwa mbele ya watu, na mwenye nyumba ya msiba anauliza, "Huyu mutoto ni wa nani?" Mtu anatoka, anamshika mkono, anasema, "Ni wangu." Imekwisha. Kuanzia hapo huyo mtoto ana watu, na wa kumwita yatima analeta kuku. Sisi kumi na mmoja wazazi wetu walikufa njiani, kambini, porini. Hakuna aliyekaa matanga yao, na hakuna aliyeyamaliza. Kwa hiyo hatukuwahi kuulizwa ni wa nani, na hapo ndipo karatasi ya yule bwana ilipopata nafasi.

"Tumalize matanga yote siku moja," Mama alimwambia Mzee. "Ijumaa."

Ijumaa mchana mtaa mzima ulijaa uwanjani kwetu. Tulinyolewa mmoja baada ya mwingine kwa wembe uliokuwa umechoka, tukaoga ziwani, tukarudi vichwa vinang'aa. Mama alitaja majina ya wazazi wetu, wote, yale aliyoyajua na yale tuliyomnong'onezea. Watu walilia kweli kweli, na mimi nililia, kwa sababu tangu baba apotee sikuwa nimewahi kusikia jina lake likitajwa mbele ya watu. Halafu akaanza kuuliza.

Ilikuwa na ugumu wake. Mwenye nyumba ndiye anayeuliza, na anayeuliza haruhusiwi kujijibu. Mama Asende hakuweza kumshika hata mmoja wetu, hata yule wa dada yake. Ilibidi majirani watoke. Na wakatoka! Mwalimu wa kwaya akamshika mmoja. Fundi baiskeli, ambaye kila siku alitufukuza karakanani, akashika wawili. Mama Neema, muuza ndagala jirani yetu, mwembamba na mkali, alinishika mimi, Sifa, kwa nguvu mpaka kiganja kikauma. Hakuna aliyetupeleka kwake kulala, maana tuliendelea kulala kwa Mama. Ila sasa kila mmoja alikuwa na mlango wa pili wa kubisha, na mtu wa kuitwa na direktere shuleni ukifanya makosa.

Namahoro alikuwa wa mwisho.

"Huyu mutoto ni wa nani?" Mama akauliza.

Mnajua nyakati zile za vita kati yetu na watu wa milimani, na mnajua zilivyo hata leo. Watu wale wale waliokuwa wanalia walianza kutazama vidole vya miguu yao. Mmoja akasema chini chini kwamba huyu ana kwao juu. Mama akauliza mara ya pili, kwa sauti yake yote ya kwaya. Alikuwa haruhusiwi kujibu. Namahoro alisimama na kichwa chake kilichonyolewa, mikono nyuma, akitazama mbele, na nikaona jinsi alivyokuwa akijifinya mwenyewe mkono. Niliona hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Nikajinasua kwa Mama Neema, nikaenda nikamshika.

"Ni wangu," nikasema.

Watu wakacheka. Mwanamume mmoja akapiga kelele, "We mutoto, ikala chini! Mutoto hashike mutoto!"

Mzee Wilondja akainua mkono. "Mi niko na myaka mingi," akasema, "na katazo hilo sijalisikia bado. Kuna mwenye alishalisikia?" Watu wakatikisa vichwa. Lakini Mzee hakuridhika. Akaniuliza nitamlisha nini.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Neema alikuwa ameshafika katikati ya uwanja. "Sifa ni wangu, munaniona namushika. Kile kiko mu mukono yake, kiko mu mukono yangu. Sasa nashika babili. Mambo imeisha, tukule."

Tukala. Jumamosi gari likaja, na yule bwana akakuta vichwa kumi na kimoja vilivyonyolewa na watu wazima wamekaa mbele yetu kwenye mabenchi ya kanisa. Akatoa karatasi yake, akauliza wako wapi yatima.

"Hilo neno ni kuku moja," Mzee Wilondja akamwambia.

Alidhani ni mchezo. Walimweleza. Alipoelewa alikaa, akavua miwani, akaifuta, akaomba maji ya kunywa. Tulimpa bugali na samaki mgebuka. Gari likarudi Uvira tupu, na wiki ya pili akatuletea kuku kweli, yule wa kwanza. Nilisema hakuwa mtu mbaya.

Sasa ndipo mambo yalipoharibika. Kiangazi kilichofuata, mchana, tukiwa tunatwanga, alitokea uwanjani mwanamume mrefu mwenye kofia, koti zito katika joto la Baraka, na fimbo ya kuchungia. Namahoro aliachia mchi ukamwangukia mguuni, na hakusikia maumivu. Alikuwa baba yake.

Mama Asende alipiga ukelele uliosikika ufukweni. "Tulimalizaka matanga yake!"

Fikiria mwenyewe. Mtu huyo tulikuwa tumelitaja jina lake, tumemlilia, tumemzimia moto, binti yake amenyolewa kwa ajili yake. Kumaliza matanga kunajulikana. Kuyafumua, ikiwa marehemu amerudi kwa miguu yake, hakuna aliyejua. Bamama walisimama mbali, na wadogo walikimbilia nyuma ya choo. Mzee Wilondja aliitwa, akaja mbio na sindano ya nyavu bado mkononi, akamzunguka yule mtu mara mbili. Mwishowe akaamua alishwe hadharani. Walimwekea bugali na sombe katikati ya uwanja, jua linawaka, mtaa mzima unatazama koo lake kama anameza kweli. Alimeza. Alikula yote, akaomba tena.

"Mulinililia mi nikiwa muzima?" akauliza, kwa Kiswahili chake cha milimani.

"Tulikulilia sana, baba," Mama Asende akajibu kwa aibu. "Utusamehe."

"Haina shida. Nilijifichaka mu pori na ng'ombe, na kule juu bantu hawakunililia hivyo."

Alisema hivyo akitabasamu, nami nikamchukia. Mniache niseme ukweli. Wote walifurahi, Namahoro alikuwa amemng'ang'ania koti, na mimi nilisimama na mchi nikitamani arudi kule kuzimu tulikomweka. Nilijua amekuja kufanya nini. Alipomwambia Mama kwamba amekuja kumchukua mtoto wake, Mzee Wilondja akamwambia utaratibu ulivyo: mtoto ameshikwa mkono mbele ya watu, na aombwe aliyemshika. Akaninyooshea kidole.

Yule mtu hakucheka. Alikuja, akachuchumaa mpaka macho yake yakafika kwenye yangu, akavua kofia. "Mama," akaniita mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye majani ya sombe kwenye nywele, "naomba binti yangu."

"Mi nakatala," nikasema.

Mama Neema alitaka kunizaba kofi. Mzee akamzuia. Baba Namahoro akainama, akarudisha kofia kichwani, akasema atangoja. Alingoja siku tatu. Alilala nyumba ya wageni ya kanisa, mchana akaja kwetu kusaidia kuanika ndagala, kazi aliyoifanya vibaya mno, akiwalaza mmoja mmoja wakati sisi tunawamwaga kwa beseni. Hakunibembeleza. Siku ya pili Namahoro alinifinya usiku mzima. Asubuhi ya tatu akaniambia kwamba amemkumbuka baba yake kila siku, na kwamba akienda atanikumbuka kila siku, kwa hiyo hana pa kukaa akapumzika. Nikalia. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nililia bila kueleza.

Nilikwenda mwenyewe kwa yule mtu. Nikampa masharti: Namahoro amalize mwaka wa shule hapa, na kila likizo kubwa ashuke Baraka. Alikubali yote. Halafu akaniuliza, mbele ya Mzee na Mama Neema, kama yeye anaruhusiwa kushika mkono wa mtu ambaye tayari ameshikwa. Mzee, ambaye safari hii alikuwa amechoka na maswali, akasema, "Shikeni tu, shikeni bote." Akanishika. Hivyo ndivyo nilivyopata baba ambaye nilikuwa nimesimama kwenye matanga yake.

Na alitimiza. Miaka mitano mfululizo Namahoro alishuka kila likizo, ameota mwili, analeta jibini ambayo wadogo waliitumia kuchezea mpira kabla ya kujifunza kuila. Mwaka mmoja nilipanda mimi. Nilitembea siku mbili, baridi ikanitoa machozi, nikapewa maziwa ya mtindi nikayatapika mbele ya wageni, na baba yetu akacheka mpaka kofia ikaanguka. Alikufa baadaye kwa uzee, kitandani. Matanga yake ya pili sikuyafikia, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa tena.

Sasa mnataka nilinganishe. Siku hizi Baraka ina vibao vingi vya nyumba za yatima, vingine vizuri kabisa, na kuna watoto wema wanaolelewa humo vizuri. Lakini nimeona pia mgeni akija na kamera, watoto wanavuliwa viatu haraka na kufundishwa wapi pa kutazama. Wana wajomba watatu mtaani, na wajomba wenyewe wamesimama dirishani wanatazama. Matanga yamekuwa ya siku mbili na spika kubwa, na hakuna anayesimama kuuliza chochote, maana kila mtu anaogopa kujibu. Vijana wanalia kwa yatima wa kwenye simu na wanapishana na wa kwenye barabara. Nikisema hivyo binti yangu anasema nimezeeka. Labda.

Namahoro ni mama wa watoto sita sasa, huko juu. Hatujaonana miaka mingi, vita imekaa katikati yetu. Mtandao ukikubali ananipigia, mara nyingi Jumapili, akipanda kilima kimoja ambako simu inashika. Mwaka jana jirani yangu, mtu wa heshima, ambaye baba yake alikuwa uwanjani siku ile ya kunyolewa, alinijia kwa siri. Alinishauri nifute namba hiyo. Akasema watu wanaongea, nyakati ni mbaya, na kama lazima niongee na wale, basi niingie ndani nifunge mlango niongee chini chini.

Nilimshukuru. Jumapili ile nilitoa kiti nje, nikakiweka kati ya uwanja, saa nane mchana, watu wakitoka kanisani. Simu ilipolia nikabonyeza ile sehemu ya sauti kubwa, nikaishika juu. Namahoro akaanza kama anavyoanza siku zote, kwa tusi refu la Kibembe kuhusu kukoroma kwangu, na njia nzima ikasimama kusikiliza. Nikamrudishia langu, refu zaidi. Tukacheka mpaka salio lake likaisha.